Bunduki ya Kulungu Ishike Shabaha Yadi Ngapi?

Majani yanapoanza kugeuka rangi huko Maine, Ohio na Pennsylvania, ndugu zetu waliohamia Marekani na kujifunza uwindaji huanza kuulizana: darubini ya bunduki niirekebishe kwa yadi ngapi? Mmoja ameambiwa na jirani yake 100. Mwingine ameambiwa dukani 200. Wa tatu amesoma jedwali kwenye boksi la risasi, tarakimu zikamchanganya. Wote wanaweza kuwa wameelezwa sawasawa, kwa sababu jibu hubadilika kwa pori, kwa risasi na kwa mtu. Ushauri wangu ni kwamba uanze hesabu kwa mnyama, ndipo urudi kwenye bunduki. Jiulize kifua chake kina nafasi kiasi gani ya kupokea kosa lako, na wewe unakosea kiasi gani unapofyatua huku vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Ukishayajua hayo mawili, chaguo lililobaki ni dogo.

Umbali wa sifuri ni ule ambao risasi inatua palepale ulipouweka msalaba wa darubini. Karibu zaidi ya hapo au mbali zaidi, inatua pengine. Darubini imekaa juu ya mtutu, kwa kawaida inchi 1.5 hivi kutoka katikati ya tundu la mtutu hadi katikati ya kioo. Risasi nayo huanza kushuka mara tu inapotoka mdomoni, maana ardhi haiachi kuivuta. Kwa hiyo mtutu huelekezwa juu kidogo sana kuliko mstari wa jicho, kama mtu anavyorusha jiwe juu ya embe analotaka kuliangua. Risasi inaanza safari chini ya mstari wa jicho, inaukata ikipanda, inakwenda juu yake kwa muda, kisha inaukata tena ikishuka. Mkato huo wa pili ndio tunaouchagua tunapochagua sifuri.

Tuchukue bunduki ambayo wengi wanayo, .308 Winchester, yenye risasi ya greni 150 inayotoka mdomoni kwa futi 2,820 hivi kwa sekunde, yaani karibu mita 860. Ukiipa sifuri ya yadi 100, kwenye yadi 25 inapita kama robo tatu ya inchi chini ya msalaba, kwenye yadi 150 inashuka inchi moja hivi, na kwenye 200 imeshuka karibu inchi 4. Ukiipa sifuri ya yadi 200, kwenye 100 itakuwa juu ya msalaba kwa inchi moja na robo tatu au mbili, itarudi kwenye msalaba yadi 200, na kufikia 300 itakuwa imeanguka inchi 8 au zaidi kidogo. Namba hizi hubadilika kwa aina ya risasi na urefu wa mtutu, lakini umbo la njia linabaki hilohilo. Kwa .30-06 yenye risasi ya uzito huo tofauti ni ndogo sana. Kwa .270 Winchester yenye risasi ya greni 130 njia inanyooka zaidi: sifuri ya 200 inaiweka inchi moja na nusu juu kwenye 100 na inchi 7 hivi chini kwenye 300.

Sasa tumtazame mnyama. Kulungu mkia-mweupe akikusimamia ubavu, sehemu ambapo moyo na mapafu vimekaa, nyuma kidogo ya mguu wa mbele, inaweza kuchorwa kwa duara la inchi 8, yaani sentimita 20. Ukipiga ndani ya duara hilo, kulungu hufa haraka na huanguka si mbali. Ukipiga juu yake, unapitisha risasi kwenye nyama ya mgongoni, au unagusa mifupa ya uti bila kuukata. Ukipiga chini, unavunja mguu au unachana kidari. Ukipiga nyuma, ni tumbo, na huo ni usiku wa kumtafuta mnyama anayeteseka. Kila ninachosema hapa kuhusu inchi kinahusu duara hilo. Anayewinda ana deni kwa mnyama, na deni hilo hulipwa kabla ya msimu, kwenye uwanja wa shabaha.

Duara la inchi 8 lina nusu kipenyo cha inchi 4. Ukisikia hivyo utashawishika kusema: basi niache risasi ipande inchi 4 na kushuka inchi 4, na kila kulungu aliye kati ya hapo na karibu yadi 300 ni wangu bila kuhesabu chochote. Hesabu hiyo ni ya kweli kwa mashine iliyofungwa kwenye meza ya chuma. Mtu anatikisika. Bunduki nzuri iliyoegemezwa kwenye mifuko ya mchanga inaweza kuweka matundu matatu ndani ya inchi moja na nusu kwenye yadi 100, na mwenyewe akaenda nyumbani anafurahi. Mwondoe mezani, mpigishe goti kwenye majani yenye umande, mtie kichwani habari kwamba dume mwenye pembe amesimama mbele yake, kisha pima upya. Ukikuta matundu yake yako ndani ya inchi 4 kwenye yadi 200, huyo ni mpigaji mzuri kuliko wengi.

Matundu ya inchi 4 maana yake risasi yoyote inaweza kwenda inchi 2 upande wowote wa pale ilipokusudiwa. Toa inchi 2 hizo kwenye zile 4 za duara. Zinabaki 2. Hizo ndizo unazoweza kuipa njia ya risasi ipande na kushuka, na hakuna zaidi. Ukiingiza inchi 2 kwenye jedwali la .308 utakuta jibu ni sifuri ya yadi 200, na mwisho wako ni yadi 230 hivi, kwa sababu hapo risasi imeshuka inchi 2 chini ya msalaba. Mtu mwenye mkono mzito zaidi, ambaye matundu yake ni inchi 6 kwenye 200, amebakiwa na inchi moja tu. Huyo sifuri yake ni 100, au juu kidogo ya hapo, na asimfyatulie kulungu aliye mbali zaidi ya yadi 150 mpaka mkono umetulia. Hii ndiyo sababu nasisitiza ujipime mwenyewe kwanza. Jedwali la kiwandani linaijua risasi, halikujui wewe.

Wako mabingwa walioshauri vingine, na ni haki kueleza kwa nini. Jack O'Connor, aliyeandika kuhusu bunduki katika jarida la Outdoor Life kwa miongo kadhaa na kuipenda .270 kuliko zote, aliiweka bunduki yake ipige inchi 3 juu kwenye yadi 100. Kwa risasi ile ya kasi, sifuri ilikwenda hadi karibu yadi 275, naye aliweza kulenga katikati ya kifua bila kupandisha msalaba hata mnyama akiwa mbali sana. Lakini O'Connor alikuwa mtu wa kondoo wa milimani na nyanda zilizo wazi, mahali ambapo mnyama wa yadi 80 ni bahati na wa yadi 280 ni jambo la kila siku. Alipiga risasi nyingi mwaka mzima. Mwindaji wa wikendi anayekaa kwenye msitu wa Maine akiiga inchi 3 zake anajipa juu ya msalaba kitu asichokihitaji, mahali ambapo kulungu wengi wataonekana ndani ya yadi 100.

Juu ndiko hatari iliko zaidi, na hapa naomba msomaji asipite haraka. Kulungu anapotokea mwanga ukiwa hafifu, jicho humwona yuko mbali kuliko alivyo. Mkono wenyewe huinua msalaba kidogo, "kwa usalama". Kama bunduki tayari inapiga inchi 3 juu, umeongeza inchi nyingine 3 za hofu na 2 za mtikisiko, na risasi inapita juu ya mgongo au, vibaya zaidi, inakata nyama iliyo juu ya uti na mnyama anakimbia akiacha damu kidogo inayokauka baada ya mita chache. Bunduki yenye sifuri ya 100 au 200 inasamehe kosa hilo mara nyingi. Yenye inchi 3 haisamehe.

Wajerumani wana desturi ambayo naiona ya busara sana, na wasomaji wetu walio Ujerumani wakienda kusomea leseni ya uwindaji watafundishwa. Wao huchagua umbali wa sifuri kwa kigezo kwamba njia ya risasi isipande zaidi ya sentimita 4 juu ya mstari wa jicho, na maboksi mengi ya risasi ya huko huuandika umbali huo pembeni. Mwindaji anakwenda uwanjani, anaiweka bunduki ipige sentimita 4 juu kwenye mita 100, na kazi imekwisha. Sentimita 4 ni inchi 1.6. Yaani bara lingine, lenye paa wadogo wa kilo 20 na kitu pamoja na ayala wakubwa wa msituni, limefika karibu palepale anapofika Mmarekani wa sifuri ya yadi 200. Sidhani ni bahati tu. Wanyama wa ukubwa huo na mikono ya binadamu vinaleta jibu hilo kila mahali.

Basi kwa pori lako. Ukiwinda kwenye msitu mnene wa kaskazini mashariki, kwenye vinamasi au kando ya mashamba madogo yaliyozungukwa na miti, weka sifuri ya yadi 100 na usione haya. Kuanzia yadi 20 hadi karibu 150 risasi ya .308 haiachani na msalaba kwa zaidi ya inchi moja hivi. Hakuna cha kukumbuka: weka msalaba pale unapotaka tundu. Katika msitu pia utapenyeza risasi kwenye uwazi mdogo kati ya matawi, na hapo kujua ilipo kwa usahihi kuna faida kuliko kujua kwamba iko mahali fulani ndani ya inchi 3.

Kama unakaa ukingoni mwa shamba la mahindi lililovunwa, au unawinda kusini mwa Texas kwenye zile njia ndefu zilizofyekwa katikati ya vichaka, au kwenye nyanda za Nebraska na Wyoming, sifuri ya 200 ndiyo yangu. Inakupa hadi yadi 230 bila hesabu. Kwenye 250 risasi iko inchi 3 na nusu hivi chini, nawe utainua msalaba kiasi hicho, usiutoe nje ya mwili. Zaidi ya hapo, tumia kipima umbali cha leza na darubini yenye alama za kushukia, au msogelee mnyama. Kusogea ndiko kuwinda kwenyewe, na mtu aliyezoea kutambaa mita 60 kwenye nyasi hahitaji sifuri ya mbali.

Risasi za mwendo mdogo zina kanuni yao. .30-30 Winchester, ambayo baba na babu wengi wa Marekani waliitumia ikiwa kwenye bunduki ya kukokea kwa wenzo, inatoa risasi ya greni 150 kwa futi 2,390 hivi kwa sekunde. Ukiipa sifuri ya 100, kwenye 200 imeshuka inchi 8, yaani duara zima. Ukiiweka inchi moja na nusu au mbili juu kwenye 100, sifuri inakuja karibu yadi 150, na huo ndio mpaka wa busara wa matumizi yake kwa wengi wetu, ukiongeza kidogo. Hesabu hiyohiyo inawahusu walio Ohio, ambako sheria hairuhusu kumpiga kulungu kwa bunduki ya risasi yenye ganda la shingo nyembamba; wanatumia ganda lililonyooka, kama .350 Legend iliyotoka mwaka 2019 au .450 Bushmaster. Msiige namba za .308 za jirani wa jimbo lingine. Sifuri ya 100, au inchi moja na nusu juu kwenye 100, inatosha.

Kazi yenyewe uwanjani ianze karibu. Darubini mpya ikifungwa, piga kwanza yadi 25, ambapo hata bunduki iliyopotoka sana itagonga karatasi. Ukitaka sifuri ya 100, tundu liwe kama robo tatu ya inchi chini ya msalaba. Ukitaka 200, liwe robo ya inchi chini. Usiishie hapo, hata kama mtu atakuambia kwamba sifuri ya 25 ni sawa na ya mbali. Kosa la robo inchi kwenye 25 linakuwa inchi nzima kwenye 100 na inchi 2 kwenye 200. Na bunduki ya .308 iliyowekwa sawasawa kabisa kwenye 25 itapiga karibu inchi 3 juu kwenye 100, jambo tulilokwisha kulikataa.

Darubini nyingi za Marekani husogeza risasi robo inchi kwa kila kliki kwenye yadi 100. Kliki 4 ni inchi moja hapo, lakini kwenye yadi 25 utahitaji kliki 16 kwa inchi hiyohiyo, na wengi hapa ndipo wanapochoka na kudhani darubini ni mbovu. Piga risasi tatu, subiri mtutu upoe, tafuta katikati ya matundu matatu, ndipo uzungushe. Usifukuze tundu moja moja. Mfuko wa mchanga ukae chini ya mti wa mbele wa bunduki, usiguse mtutu wenyewe, kwa sababu mtutu ulioegemezwa huruka na kupeleka risasi kwingine.

Ukimaliza kwenye 100, nenda kapige kwenye 200 kama uwanja unaruhusu. Jedwali ni makadirio ya bunduki ya kiwandani yenye mtutu wa urefu fulani. Yako inaweza kuwa na mtutu mfupi wa inchi 18 au 20 unaopoteza kasi. Kisha rudi siku nyingine, asubuhi, na piga risasi moja tu kutoka kwenye mtutu baridi. Hiyo ndiyo risasi ya kulungu. Tundu lake likikaa mbali na matundu ya siku ile, amini hilo la baridi. Kama ulipaka mafuta ndani ya mtutu baada ya kusafisha, yafute makavu kwanza, maana risasi ya kwanza kwenye mafuta mara nyingi hupotea njia.

Nunua risasi za kutosha za boksi moja na chapa moja kwa msimu mzima, zikiwemo za kujaribia. Risasi mbili zenye uzito uleule kutoka viwanda tofauti zinaweza kutua inchi 2 au 3 mbali mbali kwenye yadi 100 kutoka bunduki ileile. Dukani watakuambia greni 150 ni greni 150. Karatasi itakuambia ukweli.

Wengi wetu tulikua na mita, na viwanja vya Marekani ni vya yadi. Yadi 100 ni mita 91, na mita 300 ni yadi 328. Kwenye umbali mfupi tofauti hiyo ni ndogo, lakini kipima umbali cha leza kilichosahauliwa kwenye mita kikikuonyesha 300, nawe ukasoma jedwali la yadi, .308 yako itatua zaidi ya inchi 3 chini ya ulipotarajia. Kikague kabla ya kutoka nyumbani. Ukiwa juu ya dungu lililofungwa kwenye mti, futi 20 kutoka ardhini, na kulungu yuko yadi 50, mwinamo haubadilishi kitu cha kujali. Milimani ni tofauti: ukipiga kwa mwinamo wa nyuzi 30, kuteremka au kupanda, risasi hushuka kana kwamba umbali ni wa mlalo tu, hivyo yadi 300 za mteremko uzihesabu kama 260. Asiyejua hilo hupiga juu ya mgongo, akalaumu darubini.

Kabla ya haya yote, hakikisha karatasi zako. Majimbo mengi yanadai cheti cha mafunzo ya usalama wa uwindaji ndipo upewe leseni. Sheria ya shirikisho ya Marekani inawakataza kumiliki au hata kushika bunduki watu wasio na kibali cha kuwa nchini, na pia walioingia kwa viza za muda, isipokuwa wenye sababu zinazotajwa na sheria, ikiwemo leseni halali ya kuwinda. Mwanafunzi au mgeni aliyealikwa na rafiki uwanjani amuulize mwanasheria kwanza. Kosa hapo linaweza kumfukuzisha mtu nchini.

Ukishamaliza, andika namba zako mwenyewe kwenye karatasi ndogo na uibandike kwa utepe kwenye kitako, mahali jicho linapofika bila kusogeza bunduki: yadi 50, 100, 150, 200, 250, na risasi iko inchi ngapi juu au chini ya msalaba. Andika zile ulizoziona kwenye karatasi ya shabaha, usinakili za boksi. Bunduki ipandishwe na kushushwa dunguni kwa kamba, ikiwa tupu, mdomo ukitazama chini. Ikianguka, au ikigongwa kwenye mlango wa gari, au ikisafirishwa kwa ndege, usiiamini mpaka umeirudisha uwanjani na kuipigia risasi tatu kwenye yadi 100, hata kama msimu umebakiza siku mbili na rafiki zako wameshaingia msituni.